Kitenge cha Scola Kwenye Nyumba ya Mizuka

Mwanga, Kigoma
Jumatatu, 7 Oktoba 2024

Dada Verediana,

Shikamoo yako inakuja, ila kwanza tafuta kigoda ukae. Mdogo wako ana bahati ambayo hata mimi mwenyewe inanitisha. Kuanzia Kibirizi hadi Ujiji hakuna fundi cherehani aliyeguswa na bahati kama mimi Wilfred, na nasema hivi nikiwa kwenye kiti changu kile kile cha miguu mitatu, sijavimba kichwa.

Kuna mama mmoja wa Kizungu alikuja dukani kubadilisha zipu ya begi. Anaitwa Inge, kwao Denmark, alikuja kutazama samaki wa ziwa letu, wale wadogo wa rangi rangi ambao sisi hata mboga hatuwafanyi. Nikiwa nashona akanionyesha kwenye simu sikukuu ya kwao, Halowini, inayoangukia tarehe thelathini na moja mwezi huu. Siku hiyo Wazungu wanajitisha kwa makusudi. Mtu mzima mwenye kazi yake na pensheni anajifunika shuka anakuwa mzuka, watoto wanagonga mlango wa jirani kuomba pipi, na mezani wanaweka vijumba vya karatasi vya mizuka, madirisha yamevunjika, maiti ndani. Nikamwambia, mama, hivyo hata mimi naviweza. Akasema tengeneza nione.

Nimetengeneza, dada. Vijumba vitano, kila kimoja kinaenea kwenye sinia. Kuta ni maboksi ya sabuni, nimezipaka gundi ya mbao na majivu mpaka zikaota ukungu kama nyumba iliyoachwa tangu enzi za Mjerumani. Vioo vya madirisha ni filamu ya eksirei ya goti langu, ile ya mwaka niliodondoka kwenye ngazi, kwa hiyo ukichungulia dirishani unamwona Wilfred kwa ndani. Utando wa buibui ni nyuzi za wavu wa dagaa. Mifupa ya uani ni miba ya samaki mgebuka, niliichemsha nikaianika, paka wote wa sokoni wakaja kutoa rambirambi. Taa ni ile ya kiberiti cha gesi, ukibonyeza kinawaka chekundu. Na wakazi wa humo, mizuka wenyewe, nimewavalisha vizuri kuliko baadhi ya wateja wangu.

Inge amenunua vyote. Vyote vitano. Jana ameondoka navyo kwa ndege ya Dar, kimoja kakipakata kama mtoto mchanga, na kutoka Dar anavuka navyo hadi kwao. Mwakani ananiita nikafundishe. Mimi niliyeishia darasa la sita, niliyefika Bujumbura mara tatu na Mpulungu mara moja. Mafundi wenzangu sasa wananipisha njiani.

Haya, shikamoo. Mkamwana wako Scola alipita hapa Alhamisi kuchukua gauni lake la kitenge. Aliingia anacheka, nikatoka kumtafutia soda, narudi nakuta kiti kitupu na gauni limebaki kwenye msumari. Nadhani mimba inamsumbua. Mwambie gauni ninalo na kiuno nimemwachia nafasi. Msalimie mwanao Pastory, mwambie mjomba wake sasa ni mtu wa kimataifa.

Mdogo wako,
Wilfred


Sigunga
Alhamisi, 10 Oktoba 2024

Wilfred,

Marahaba.

Nakuandikia, na usinipigie simu. Huku mtandao unashika juu ya jiwe la mlimani tu, na pale hapakosi watu, kila mtu anasikiliza ya mwenzake. Haya si ya kusikilizwa. Barua nimempa Elieza wa boti mkononi. Bahasha nimeipaka gundi. Ukiikuta imefunguliwa uniambie.

Scola anaumwa. Alishuka kwenye boti Ijumaa miguu imevimba, viatu kavishika mkononi. Nesi wa zahanati alimpima presha mara tatu, akaenda kuchukua kipimo kingine akidhani kile kimeharibika. Mimba ni ya miezi saba na nusu. Ameandika karatasi ya rufaa, Scola aende hospitali Kigoma haraka, kabla hajapata kifafa cha mimba. Neno hilo alilitamka taratibu mbele yangu ili nilielewe. Boti ipo. Pastory ameshafunga mzigo. Scola hataki.

Juzi na jana alikuwa hasemi kwa nini. Leo Pastory alipotoka kwenda mwaloni zinakotia boti ndipo akaniambia. Anasema dukani kwako aliona kijumba, na ndani yake, kwenye kitanda cha njiti, amelazwa mwanamke maiti. Amevaa kitenge chake yeye Scola. Kile cha bluu chenye picha za mikono ya njano, alichonunuliwa na marehemu mama yake kule Kalemie. Mwanga nzima hakuna mwenye kingine. Na mwanamke huyo ana tumbo.

Wilfred, ulifanya nini?

Mimi nakujua. Wewe ni mjinga, si mbaya. Lakini Scola anasema Kigoma ndiko alikolazwa, akikanyaga huko atalala kweli. Nimembembeleza tangu asubuhi. Mwisho akasema maneno haya, nayaandika kama alivyoyasema: "Mama, mjomba anipe yule mtu mkononi, nimvue kitenge changu mwenyewe. Nikishamvua napanda boti siku hiyo hiyo."

Hajaomba kingine. Barua yako ya bahati nimeipata jana, na humo unasema umeuza. Niambie basi, na huyo mwanamke wa kitambaa ameuzwa? Kama kuna njia ya kumpata, yoyote, mtafute. Boti inakuja huku Jumamosi.

Dada yako,
Verediana


Mwanga, Kigoma
Ijumaa, 11 Oktoba 2024

Dada Verediana,

Barua yako nilianza kuisoma nimesimama, nikaimaliza nimekaa. Gundi niliikuta nzima.

Nisikilize. Kila fundi ana gunia la mabaki chini ya cherehani. Unaingiza mkono, kinachotoka ndicho unachotumia. Pazia la kijumba kile ni suruali ya kaki ya katekista wa Rusimbi. Mzuka wa darini kavaa sare ya shule. Mwingine kavaa shati langu mimi, tena huyo nimemkata kichwa, na mchana huu nimekula ugali na migebuka miwili. Kitenge cha Scola kilikuwa juu ya gunia kwa sababu nilikuwa nimetoka kukikata. Na tumbo ni pamba, dada. Nilishindilia pamba nyingi, nikaona uvivu kufumua. Nakuapia kaburi la baba.

Lakini sitakudanganya kwamba sikujua. Hapa Mwanga mteja wa kike akija kuchukua nguo anauliza vipande vyake, na wewe fundi unamrudishia mpaka ukanda wa upana wa kidole. Hasemi kwa nini, na wewe humuulizi. Ndilo jambo la kwanza nililofundishwa, kabla hata ya kutunga uzi kwenye sindano. Mabaki ya Scola nilipaswa kuyafunga pamoja na gauni. Siku ile akili yangu ilikuwa Denmark.

Sasa nifanyeje? Vijumba vimekwenda. Inge alinitumia ujumbe juzi kwamba amefika kwao salama na wamevipanga sebuleni. Mwambie Scola kwamba mtu wake yuko Ulaya, kawekwa mezani karibu na keki, watoto wenye nywele nyeupe wanamchekea. Mtu aliye mbali namna hiyo atamshikaje mguu? Apande boti. Nitasimama mwaloni Ujiji na bajaji, nitampeleka hospitali mimi mwenyewe, na nitamwimbia njia nzima mpaka amwombe dereva akimbize.

Akikataa mbebeni, dada. Hilo la presha silipendi. Nimeuliza jirani yangu hapa, ambaye mkewe lilimpata, akaingia kwake akafunga mlango.

Wilfred


Sigunga
Jumatano, 16 Oktoba 2024

Wilfred,

Barua yako nilimsomea Scola, keki nikairuka. Aliposikia Ulaya akageukia ukutani. Akasema, kwa hiyo amevushwa maji, na mtoto wangu amevushwa naye. Tangu hapo hajaniuliza habari za boti. Wewe ulidhani kumweka mbali ni kumpunguzia.

Kumbeba tumejaribu. Jumatatu Pastory na wenzake wawili walimbeba mpaka mchangani. Alipoona maji alianza kupiga mateke na kutapika. Nesi alikuwepo, akawaambia wamteremshe, presha inapanda, watamletea kifafa katikati ya ziwa ambako hakuna wa kumsaidia. Tukamrudisha ndani.

Sasa anaona vimulimuli mchana. Anajishika kichwa hapa juu ya macho. Nesi anakuja asubuhi na jioni na vidonge, na ameniambia wazi kwamba vidonge hivi vinasogeza siku tu.

Pastory amejua. Sikumwambia mimi, alimsikia mkewe akiweweseka. Jana alikuwa ananoa panga la shamba pale uani, wanaume wawili wamekaa naye, akasema mjomba akitia mguu Sigunga atamkata. Hakupandisha sauti, ndiyo maana nimemwamini. Wale wawili wana midomo, kwa hiyo sasa kuna wengine wanaojua kwamba fundi Wilfred wa Mwanga anatengeneza nyumba za maiti. Usije. Najua utataka kuja uwachekeshe watu yaishe. Usije.

Huyo mama wa Kizungu una namba yake, maana anakutumia ujumbe. Mpigie. Mweleze kwamba kuna mwanamke anakufa kwa ajili ya kitambaa cha ukubwa wa kiganja. Akiwa mtu, atakitoa.

Nimechoka kumtazama akivimba.

Verediana


Mwanga, Kigoma
Ijumaa, 18 Oktoba 2024

Dada,

Pokea kiboksi kutoka kwa Elieza. Ndani yumo yule mwanamke, na kitenge chake, na pamba yake. Sikumgusa tumbo, Scola asije akasema nimembadilisha.

Nilimpigia Inge. Kwa bahati alikuwa bado yuko Dar, ndege yake ya kwenda kwao imecheleweshwa. Unajua mimi nikianza kuongea na Wazungu. Hakuuliza mara mbili, akamng'oa kwenye kijumba, akampa rubani, rubani akamkabidhi mtu wangu pale uwanja wa ndege. Mkuu wa mkoa mwenyewe hatumiwi kitu namna hiyo. Bahati yangu bado ina nguvu, na safari hii ni ya Scola.

Amvue, amkate, amtupe ziwani, afanye apendavyo, halafu apande boti ya Jumapili. Bajaji nimeshaongea nayo. Wiki hii sishoni kitu kikaeleweka, jana nimemwekea mwenyekiti wa mtaa mfuko wa suruali mgongoni.

Wilfred


Sigunga
Jumapili, 20 Oktoba 2024

Wilfred,

Boti inaondoka bila yeye. Elieza ananisubiri nimalize barua hii.

Scola alimpokea yule mtu kwa mikono miwili. Nilifikiri yameisha. Alimgeuza, akamnusa, akaniuliza amefikaje. Nikamsomea ulivyoandika. Akaniambia nilete na zile barua nyingine. Akanifanya nizisome zote upya, akawa anahesabu kwa vidole, na vidole vyenyewe havikunjiki. Ya kwanza inasema ameondoka kwenda Dar. Ya pili inasema amefika Ulaya, yuko mezani. Ya tatu inasema hajatoka Dar kabisa, ndege imechelewa. Siku kumi na mbili ndege inachelewa, Wilfred?

Akamweka chini. Akasema, "Mama, huyu ni mwingine. Wangu yuko huko alikopelekwa. Mjomba ameshona huyu ili ninyamaze, na sasa tuko wawili."

Nikamwambia tazama kitenge, ni chako. Akanijibu kwamba gauni lake bado liko kwako, ungeshindwa nini kukata kipande kwenye pindo. Nimemtazama huyo mwanamke wa pamba mchana kutwa, na mimi pia sijui ni yupi. Anayejua ni wewe, na kila ukiandika unaandika kingine.

Pastory anasema atampandisha kwa mganga wa huko juu kesho kutwa. Kwa miguu, mlima wote ule. Nimemwambia nipe mpaka Jumatano.

Leo mkono wa kushoto wa Scola umecheza peke yake, ukaacha. Mimi niliona na nesi aliona. Nesi amesema ikipita Jumatano yupo hapa, tusihangaike tena na boti, tumwite padri.

Usinichekeshe. Niandikie kitu ninachoweza kumsomea mtu aliyelala hivi.

Verediana


Mwanga, Kigoma
Jumanne, 22 Oktoba 2024

Dada Verediana,

Barua hii msomee Scola yote, usiruke mahali. Na Pastory akae asikie.

Elieza anashusha maboksi matano na gauni. Scola, anza na gauni. Shika pindo ulizungushe mpaka mwisho. Halijakatwa popote.

Sasa fungueni maboksi. Ni vile vijumba vitano ulivyoviona kwenye rafu siku ile, ulivihesabu kwa sauti nikiwa natoka kwenda kwenye soda. Vumbi la dukani liko juu yake bado, na cha mwisho panya wamekula kona ya paa kwa sababu ya ile gundi. Chukua chenye pazia la kaki. Kitanda kiko wazi. Kwenye njiti za kitanda kuna gundi iliyokauka, na ndani ya gundi zimebaki nyuzi za bluu na moja ya njano, zilikatika nilipomng'oa. Mlaze hapo yule mtu niliyekutumia, umgeuze mgongo, ulinganishe. Patakutana. Sikumshona mwingine. Hajawahi kuwepo mwingine. Ukishaona, mvue kama ulivyosema, kisha vunjeni vyote vitano, mvikanyage, mvitie moto, na mimi sitauliza.

Pastory, mwanangu, Elieza analala kwenu leo na anageuza kesho alfajiri. Nimemwomba asipakie dagaa ili mkeo apate mahali pa kulala. Nitakuwa nimesimama mwaloni Ujiji na bajaji. Ukishuka na panga, mshushe mkeo kwanza, mpakie, aondoke. Halafu njoo, sitakimbia.

Dada, umeniambia nisikuchekeshe. Najaribu, mkono haujazoea.

Inge alikuja kweli, na Halowini ni kweli. Jumamosi ile baada ya Scola kuondoka alirudi kuchukua begi lake. Nilikuwa nimevipanga mezani, nimefunga pazia la duka ili taa nyekundu zionekane. Alivitazama kimoja kimoja, akacheka, akapiga picha nyingi, akasema vizuri sana, fundi, vizuri sana. Akajaribu zipu, ikapita. Akaondoka. Hakuniuliza hata kama ninauza, na mimi nilishindwa kumwambia, mdomo huu wote. Mafundi wenzangu nilikuwa nimeshawatangazia tangu wiki iliyotangulia. Walikuwa wamesimama nje wanasubiri nitoke. Nikatoka nikawaambia amechukua vyote, gari litakuja kuvibeba. Jioni nikavihamishia nyumbani kwenye gunia la mkaa. Jumatatu nikakuandikia wewe, kwa sababu ukishaamini wewe na mimi naanza kuamini.

Barua yako ya kwanza ilinikuta hapa chumbani, na vijumba viko chini ya kitanda nilichokalia. Ningeinama tu. Ningemtoa yule mtu kwa vidole viwili na kumpa Elieza siku ile ile, na leo Scola angekuwa na siku kumi za hospitali. Nilikaa nikafikiri nitasemaje kwamba vimerudi, na mafundi watasemaje, nikachukua kalamu nikaandika habari za keki. Hakuna aliyenitumia ujumbe kutoka Ulaya. Namba ya Inge sina. Kwenye barua ya tatu, nilipomtuma yule mtu, nilisahau hata uongo niliosema kwanza, nikamtafutia rubani.

Scola, hakuna aliyekuvusha maji. Hujaenda popote. Ulikuwa chini ya kitanda changu, umbali wa kutembea kwa miguu kutoka hospitali.

Sina bahati yoyote, dada. Sikuuza hata kimoja.

Wilfred